Wa Kwanza Mashineni

Panga la kwanza lilimkosa mzee Bonifasi, likakita kwenye shina la mchikichi aliofungiwa. La pili lisingekosa. Feliksi alikuwa amekwisha kulichomoa, amelishika kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, na wenzake waliomzunguka wakamwachia nafasi ya kupigia.

Inspekta Elinipa hakupiga kelele. Aliruka kutoka kwenye gari la polisi kabla halijasimama sawasawa, akapita kati ya watu kwa viwiko, akamkumbatia Feliksi kwa nyuma, wakaanguka wote wawili kwenye majivu ya nyumba ya yule mzee, majivu ambayo bado yalikuwa na moto chini yake. Elinipa alikuwa mama wa Kipare, mwili umejaa, amehamishiwa Kigoma kutoka Same mwaka juzi, na kwenye ofisi ya upelelezi walimjua kwa jambo moja: bastola haitoi hovyo, lakini akikushika, umeshikika.

"Niache, Afande! Kamuua dada yangu!"

"Nani kakwambia?"

"Picha yake si ipo kwenye paketi? Tena anacheka!"

Feliksi akamtandika kiwiko cha mdomo. Elinipa akaonja damu, akaitema, akaukunja ule mkono wa panga kuelekea kisogoni mpaka vidole vikaachia vyenyewe. Mmoja wa askari wake wawili akafyatua risasi hewani. Watu wakarudi nyuma, ila hawakuondoka.

Bonifasi akafunguliwa. Alikuwa mzee mfupi, kichwa kimechanika juu ya sikio, damu imemwingia jicho moja. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama si wake. Walikuwa wameuvunja kwa mchi wake mwenyewe, ule wa kutwangia dawa, na mchi ulikuwa umelala pale chini karibu na kinu kilichopasuliwa.

"Mawe wee," alisema mzee, akimlilia mama yake kwa Kiha. "Wananiua kwa kosa gani?"

Kosa walilijua wao. Wema, dada yake Feliksi, binti wa Katubuka, alikuwa aolewe Jumamosi. Juzi alikufa saluni, kwenye kiti, nywele zimefungwa rola. Moyo wake ulikimbia mpaka ukasimama. Kwenye mkoba wake ilikutwa paketi ya "Mwali Mwepesi", dawa ya mitishamba ya kupunguza mwili, na juu ya paketi ilikuwa picha ya Bonifasi, mganga wa Kidahwe, kavaa kofia nyekundu, meno yote nje. Majibu ya mkemia wa serikali yalikuwa yametoka asubuhi hiyohiyo. Ndani ya mizizi iliyosagwa mlikuwa na kidonge cha kiwandani kinachokata hamu ya chakula na kuupiga moyo mbio, kidonge kilichopigwa marufuku siku nyingi.

Feliksi akainuka, shati limetoboka kwa makaa. Hakukimbia.

"Alasiri tunamzika Wema," alisema. "Tukitoka makaburini tunakuja kumchukua huyu. Awe hospitali, awe polisi, awe chini ya kitanda chako wewe mama, tunamchukua. Kama si yeye, tuonyeshe ni nani."

Elinipa aliwatazama wale watu, akawatazama askari wake wawili. Kumfunga pingu kaka wa marehemu siku ya maziko, mbele ya umati ule, kungekuwa kumuua Bonifasi palepale. Alimbeba mzee kama mtoto, akamwingiza garini.

"Zikeni kwanza," alisema, mdomo umevimba. "Mimi na wewe hatujamalizana."

*

Bonifasi aliwekwa chumba cha pembeni hospitalini, dirisha lina nondo, mlango una kitasa kibovu. Walipomaliza kumfunga bandeji ya plasta, Elinipa alimwita Skolastika.

Skolastika alikuwa mkaguzi wa dawa, binti mwembamba wa Kasulu mwenye miwani mikubwa, na wauzaji wa dawa wa mwambao mzima, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, walimwogopa kuliko polisi. Alivuta kiti hadi ubavuni mwa kitanda.

"Mwakeye, Mzee."

"Mwakeye, mwanangu. Unasema Kiha, basi wewe hutaniua."

"Sikuui. Hii namba ya usajili kwenye paketi, ni yako?"

"Yangu. Baraza la tiba asili walinipa. Ya dawa ya tumbo."

"Tumbo la aina gani?"

"La kuharisha. Ukinywa linakata siku hiyohiyo."

Skolastika akamwonyesha paketi. "Hapa namba ni hiyohiyo, ila wameandika inapunguza mwili, inaondoa kitambi, inamfaa bibi harusi."

Mzee alisogeza paketi karibu na jicho lake zima. "Maandishi madogo mimi sisomi. Niliona picha yangu, nikafurahi."

"Nani alikupiga picha?"

"Walter. Yule wa duka la dawa pale Ujiji. Mimi natwanga mizizi, natia kwenye gunia, yeye anachukua. Aliniambia serikali siku hizi haitaki dawa ya kwenye kikapu, inataka paketi."

Elinipa alikuwa amesimama dirishani. Aligeuka. "Walter ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Wema."

"Huyohuyo. Mtu mwema. Hata mke wangu alipougua alileta sukari."

Skolastika hakuwa akisikiliza tena habari za wema wa Walter. Aliomba koti la mzee, akapekua mfukoni, akatoa kijifuko cha kitambaa. Akamimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto, na cha kulia akamimina kutoka kwenye paketi ya marehemu.

"Dada Elinipa, njoo ushike."

Elinipa akashika. Ile ya mfukoni ilikuwa na nyuzinyuzi na vipande, ikamkwaruza. Ile ya paketi ilikuwa laini, ikateleza kati ya vidole kama poda ya mtoto.

"Mzee, una mashine nyumbani?"

"Mashine? Kinu changu si wamekipasua leo? Wamenivunjia kinu na mkono, nitatwanga na nini?"

"Kinu hakitoi kitu kama hiki," Skolastika akamwambia Elinipa polepole. "Hii imesagwa. Mizizi na vidonge vimesagwa pamoja ili rangi ifanane. Aliyesaga ndiye aliyechanganya."

*

Ujiji walimkuta Walter kavaa suti nyeusi, anafunga duka ili aende msibani. Mwanamume wa makamo, mpole, sauti ya kanisani. Viti vya plastiki vilivyokodiwa kwa ajili ya harusi vilikuwa vikipakiwa kwenye pikapu yake kwenda kukalisha waombolezaji. Kamati ya harusi ilikuwa imegeuka kamati ya mazishi, na mwenyekiti hakubadilishwa.

"Karibuni, Afande. Pole na mdomo."

"Fungua kila kitu," Elinipa akasema.

Alifungua. Skolastika alipekua makabati, akapanda juu ya dari, akaingia stoo ya nyuma kwa magoti. Palikuwa na magunia ya mizizi, mzani, paketi tupu zenye kicheko cha Bonifasi, na kimashine kidogo cha kuziba nailoni kwa moto. Mashine ya kusaga haikuwapo. Vidonge havikuwapo. Sakafu ilikuwa imedekiwa.

"Mimi nafungasha tu," Walter akasema. "Inavyokuja ndivyo inavyotoka."

"Inakuja imesagwa?"

"Inakuja laini kabisa. Muulizeni yeye Bonifasi anakosagia. Ana mke mdogo ng'ambo, upande wa Kongo. Boti zinavuka kila siku. Sitaki kumsema mtu vibaya, lakini mke anaweza kuvusha chochote."

"Wema alipata wapi paketi yake?"

Macho ya Walter yakalowa. Elinipa hakuweza kusema kama ni machozi ya kweli. "Nilimpa mwenyewe, Afande. Zawadi. Gauni lilikuwa linambana hapa mbavuni. Alianza kwa kijiko kimoja, nasikia wiki ya mwisho alikuwa anakunywa mara mbili na kuongeza. Nilimwambia ni majani tu. Nami niliambiwa ni majani tu." Akatazama saa. "Niwie radhi. Mimi ndiye naongoza msafara."

Walirudi garini mikono mitupu. Askari mmoja akasema mke wa ng'ambo atafutwe. Elinipa akakubali atafutwe, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na ng'ambo ni mbali, na jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa ziwa.

*

Kelele za wodini ndizo zilizowaokoa.

Walipofika hospitali kumtazama Bonifasi, walisikia mwanamke analia kwa kuziba mdomo. Kwenye korido, kijana mmoja mnene wa mabega alikuwa amembana mke wake ukutani, mkono shingoni. Jicho moja la mwanamke lilikuwa limefunga kabisa, na alipofungua mdomo, jino la mbele halikuwapo.

"Sema ulimtilia nini baba! Sema leo, la sivyo utatoka humu umefunikwa shuka!"

Elinipa alimshika yule kijana sikio, akalivuta chini mpaka goti likagusa sakafu.

"Jina?"

"Edson! Aah! Edson, Afande, sikio!"

"Edson, mke ni wako, shingo ni yake. Nani kakuruhusu?"

"Kamtilia sumu baba yangu! Baba yupo ndani pale, moyo unamruka, hajala siku ya tatu, halali! Ni ugali wa huyu!"

Skolastika alikuwa amekwisha kuingia wodini. Mzee Nikodemu, baba yake Edson, alikuwa kitandani, mtu wa ngozi na mifupa, macho kodo, midomo imekauka imepasuka. Daktari wa zamu akamsomea Skolastika dalili: moyo mbio, presha juu, kinywa kikavu, chakula hataki hata kukiona. Skolastika alisikiliza, akatoka amebadilika rangi.

"Ni kidonge kilekile," alisema. "Dalili za Wema, moja baada ya nyingine."

"Huyu mzee anywe dawa ya kupunguza mwili?" Elinipa akauliza. "Apunguze nini, fimbo yake?"

Wakamkalisha mwanamke kwenye benchi. Alisema anaitwa Eufrasia, wa Buzebazeba. Alijibu akimtazama Edson kwa lile jicho lililobaki.

"Mtazame huyu dada, usimtazame yeye," Elinipa akamwambia. "Nyumbani nani mwingine anaumwa?"

"Wote, Afande. Watoto hawalali, wanacheza tu usiku kucha kama wendawazimu. Mimi moyo unanidunda. Hata yeye mwenyewe," akamnyooshea mume kidole kwa woga, "chakula anabakiza, hasira zimemzidi. Zamani alikuwa hanipigi hivi."

"Ananisingizia!"

"Nyamaza, nisije nikalirudia sikio. Eufrasia, mnakula nini?"

"Ugali wa muhogo na dagaa. Dagaa tunanunua na jirani, fungu moja, jirani haumwi."

"Na unga?"

"Nasaga makopa yangu mwenyewe. Kwa Yona, hapohapo Buzebazeba. Jirani naye anasaga hapohapo."

Skolastika alikata tamaa kidogo, ikaonekana mabegani. Lakini Elinipa hakuinuka.

"Mnakwenda pamoja, wewe na jirani?"

"Hapana. Yeye anakwenda mchana. Mimi nakwenda alfajiri, niwe wa kwanza."

"Kwa nini?"

Eufrasia aliona aibu. "Wa kwanza kwa Yona halipi. Si unajua mashine asubuhi ina njaa? Unga wa mtu wa kwanza unabaki tumboni mwake, unatoka pungufu. Watu hawataki kuwa wa kwanza, wanasukumana nje pale. Basi Yona akasema wa kwanza asage bure. Mimi sina kitu, nikachukua nafasi hiyo. Siku zote ni mimi."

Elinipa alikulia kwenye nyumba ya kusaga mahindi milimani, akaliona lile jambo lote kwa mara moja.

"Unga wako unabaki tumboni," alisema. "Na kilichokuwa tumboni kinakwenda wapi?"

"Kinatoka kwanza, kwenye ungo wangu."

"Kwa hiyo wewe asubuhi unakula kilichosagwa mwisho jana yake."

Mwanamke akaweka mkono mdomoni. Edson, aliyekuwa bado amepiga goti, akainua kichwa akamtazama mke wake, halafu akatazama sakafu. Hakuna aliyempa nafasi ya kusema neno.

*

Mashine ya Yona ilikuwa kwenye banda la mabati, imezimwa. Yona mwenyewe alikuwa anafagia, mweupe wa unga toka kichwani mpaka miguuni, suruali imekusanywa kiunoni na kufungwa kamba ya katani. Kwa mbali, upande wa Katubuka, walisikia kwaya ya maziko.

"Tumefunga," alisema.

"Kaka Yona," Skolastika akamwambia, "umekonda lini hivi?"

"Kazi nyingi, dada."

"Unalala?"

"Nalala."

"Mwongo. Mtu anayelala hana macho hayo. Umekuwa unaimeza ile dawa kila ukisaga, na wewe hujijui."

Elinipa aliamuru mashine ifunguliwe. Yona akasema funguo za nati zimepotea. Skolastika akazitoa kwenye ndoo, chini ya matambara ambako Yona alizificha. Alilegeza kifuniko, akachomoa chekeche, akapitisha brashi kwenye kona za ndani, pale ambapo hata upepo haufiki. Kwenye karatasi nyeupe ikadondoka vumbi la muhogo, na katikati ya vumbi, chembechembe za rangi ya samawati.

"Vidonge vya samawati," alisema. "Tulikamata boksi zima Kibirizi, likitoka botini. Rangi ni ya ganda la nje, haisagiki vizuri. Ngoja, ndani zaidi zipo nyingi."

Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, katikati ya vyuma.

Elinipa aliona ufagio unaanguka kabla hajaona chochote kingine. Mkono wa Yona ulikuwa umekwisha kufika kwenye swichi kubwa ya ukutani.

"Skola, mkono!"

Mota ilinguruma. Skolastika alijirusha nyuma na yowe, na kipande cha mkono wa blauzi kikabaki ndani pamoja na ngozi ya vidole viwili. Damu iliruka kwenye mabati. Yona hakungoja. Alinyakua nondo, akampiga Elinipa begani, mfupa ukalia, akainua tena ampige kichwa. Elinipa alijitupa mbele badala ya nyuma, akampiga kichwa cha tumbo, wakaligonga gunia la makopa, likapasuka. Yona alikuwa mwepesi kama mtoto, lakini ile dawa ilimpa nguvu ya kichaa. Alimng'ata mkono, akamkwangua shingo, akamtafuta macho kwa vidole gumba. Elinipa akamshika nywele, akakigonga kichwa chake kwenye mguu wa mashine, akakigonga tena. Skolastika, mkono umefungwa kwa pindo la sketi, akajikokota mpaka kwenye swichi akaizima.

Kimya kikaingia. Unga ulikuwa ukishuka taratibu juu yao wote, na juu ya damu ukawa uji.

"Nani anakuletea?" Elinipa akauliza, goti juu ya kifua chake.

Yona alilia. "Utaniua?"

"Sijui bado. Nani?"

"Walter. Anakuja nikishafunga. Mizizi ya mganga ndani ya gunia, vidonge ndani ya ndoo. Tunasaga pamoja, anaondoka."

"Ulijua ni vidonge gani?"

"Aliniambia vinapunguza tu. Nikasema, nani atakufa kwa kupungua?"

Skolastika akapiga magoti karibu naye, akamsogelea sikioni, miwani imepasuka kioo kimoja. "Kila msagishaji anajua kusafisha mashine kwa pumba. Unasaga pumba kidogo asubuhi, unamwaga, basi. Kwa nini hukusafisha?"

"Pumba nauza," Yona akasema, na kwa mara ya kwanza akawa na aibu. "Yule mama anayekuja wa kwanza bure. Ndiye aliyekuwa pumba yangu."

Skolastika alinyanyua ule mkono wake mzima ampige. Elinipa akaudaka, ingawa alitamani kuuachia.

Simu yake ikalia. Alikuwa askari aliyeachwa hospitalini. Elinipa alisikia kelele nyuma ya sauti yake.

"Afande, wametoka kuzika. Wako getini, wana makoleo na majembe ya kaburini. Tuko wawili tu huku."

"Nani anaongoza?"

"Feliksi yuko mbele. Lakini anayesema ni mwenyekiti wa kamati, Walter. Amesimama juu ya pikapu. Anawaambia polisi wanamficha muuaji, wakingoja mpaka kesho ataachiwa."

Elinipa alielewa. Bonifasi akifa leo, itasemwa mganga ndiye aliyechanganya, na kesi inazikwa naye.

*

Umati ulikuwa umelisukuma geti likalala. Mawe yalikuwa yameanza kupiga ukuta wa chumba cha pembeni, na ndani Bonifasi alikuwa amejifunika godoro kwa mkono mmoja. Elinipa alimwacha Skolastika garini amlinde Yona, aliyefungwa kwa kamba yake mwenyewe ya katani, akateremka peke yake, bega limelegea, uso mweupe wa unga wenye michirizi ya damu, na waliokuwa mbele wakampisha kwa mshtuko tu.

Angeweza kuwatajia jina. Mtu mwenyewe alikuwa amesimama pale juu ya pikapu, suti nyeusi, hatua chache. Wangemkatakata kabla hajamaliza kulitamka, na kesho angekuwa na maiti nyingine na wauaji wengine wa kutafuta.

"Mwenyekiti!" aliita kwa nguvu. "Umati wote hauwezi kuingia. Familia itoe mtu mmoja, mtu mzima, aje amtambue mtuhumiwa uso kwa uso!"

Walter akasita. "Kaka wa marehemu ndiye anayefaa."

"Kaka ana hasira. Nataka mtu wa busara."

"Mwenyekiti aingie!" wakapokea watu. "Mwenyekiti! Ingia utuletee!"

Walimshusha kwenye pikapu kwa mikono yao, wakampitisha kama bwana harusi. Angekataaje? Elinipa alimshika kiwiko kwa heshima, akamwingiza, akafunga mlango, akamzungusha ukutani na kumtia pingu mikono nyuma kabla hajavuta pumzi.

"Yona amesema," alimnong'oneza.

Walter akageuza shingo kumtazama. "Usiwaambie. Afande, nakuomba, usiwaambie wale."

"Siwaambii neno. Ila mlango huu kitasa chake ni kibovu. Wakiuvunja, watatukuta sisi watatu, na watauliza pingu ni za nani." Jiwe likapasua kioo, vipande vikawamwagikia. "Uliwaleta wewe. Nenda dirishani, waondoe."

Walter alisogea dirishani. Nyuso zilimjaa mbele, makoleo yana udongo mwekundu. Alibana mabega ili mikono iliyofungwa isionekane.

"Ndugu zangu," akasema mwishowe. "Ndugu zangu, nimemwona. Si yeye. Mganga hana hatia."

"Paza sauti, mwanangu," Bonifasi akasema kutoka chini ya godoro. "Wa nyuma hawasikii."

"Si yeye!" Walter akapiga kelele, machozi yanamtiririka, na safari hii yalikuwa ya kweli. "Mimi mwenyekiti wenu nawaambia! Mitishamba yake ni safi! Rudini msibani, mkale, mkapumzike! Nawaomba, kwa ajili ya Wema! Nendeni!"

Walinung'unika. Walitazamana. Lakini ndiye aliyewapangia viti na chakula, aliyewaongoza makaburini saa hiyohiyo, nao walikuwa wamezoea kumsikiliza. Wakaanza kugeuka kwa makundi, makoleo mabegani, wengine wanalaani polisi, wengine wanaulizana kama wali umebaki.

Feliksi hakugeuka. Alisimama mbele ya dirisha, koleo mkononi, anamwangalia Walter kuanzia usoni kushuka chini.

"Mwenyekiti," alisema taratibu. "Mbona mikono yako iko nyuma?"

Mlango ukafunguka, Elinipa akatoka akasimama kati ya Feliksi na dirisha. Wa mwisho wao walikuwa bado getini. Ukelele mmoja ungewarudisha wote.

"Ni yeye?" Feliksi akauliza, sauti imeshuka kabisa. "Alimpa mbele yangu. Alisema, chukua mwanangu, upendeze. Ni yeye?"

"Hilo litasemwa mbele ya hakimu, nawe utakuwapo ulisikie."

"Nijibu, mama."

"Kuna mzee humo ndani," Elinipa akasema. "Asubuhi ulimvunja mkono kwa mchi wake mwenyewe, ukamchomea nyumba. Hakukukosea kitu. Weka koleo chini, Feliksi. Geuka."

Feliksi alitazama getini, kwenye migongo ya wenzake. Kifua chake kilijaa pumzi ya kuita. Elinipa hakugusa bastola, maana bega lile lisingeinuka, na Feliksi aliliona hilo pia. Kisha pumzi ikatoka polepole, bila neno. Koleo likaanguka kwenye vioo.

Akageuka. Vifundo vya mikono yake vilikuwa bado vimegandwa na udongo wa kaburi la dada yake, na Elinipa ilimbidi aufute kwa kidole, pole kwa pole, ndipo pingu ikabana.